Chekechea ya karibu, shule ya basi, au abaki nyumbani: wapi mtoto atacheza vya kutosha?

Kila mwaka kuanzia Oktoba, kuta za Dar es Salaam hujaa mabango ya nafasi za masomo ya Januari. Mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu au minne anaanza kuulizia. Ada ni kiasi gani? Wanafundisha kwa Kiingereza? Chakula kipo? Basi linafika mtaani kwetu? Ni maswali ya haki. Lipo moja ambalo silisikii sana, nalo linagusa mwili wa mtoto kila siku: tukimpeleka huko, atapata muda gani wa kukimbia, kuruka, kupanda, kudaka mpira, kuanguka na kuinuka?

Ulinganisho huu ni kwa mzazi wa mjini mwenye mtoto wa kati ya miaka 3 na 6, na njia tatu mbele yake. Njia ya kwanza, mtoto abaki nyumbani mpaka afikie umri wa darasa la awali. Ya pili, aende chekechea ya mtaani, au darasa la awali la shule ya msingi ya serikali iliyo karibu, anakwenda kwa miguu na mchana amesharudi. Ya tatu, apande basi la shule alfajiri, ashinde huko, arudi jioni. Nazungumzia Dar zaidi, ila mzazi wa Mombasa au Nairobi mwenye mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa elimu ya awali huko Kenya, atayatambua mengi ya haya.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Usichague kwa kutazama uwanja wa shule peke yake. Anza na nyumba yako. Angalia mtoto anafanya nini kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, nani yuko naye, na kama mlango uko wazi au umefungwa. Ukishalijua hilo, shule inayomfaa inajitokeza yenyewe.

Kiasi anachohitaji

Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mwenye miaka 3 au 4 unataka dakika 180 za mwili kushughulika kila siku, yaani saa tatu, na ndani yake angalau dakika 60 ziwe za kuhema: kufukuzana, kurukaruka, kupiga mpira. Skrini isizidi saa 1, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Usingizi uwe saa 10 hadi 13, ukihesabu na ule wa mchana. Kuna na sharti jingine ambalo halitajwi mara nyingi: mtoto asifungwe kitini au kwenye kigari kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, wala asikalishwe kwa muda mrefu. Akifika miaka 5 kipimo kinabadilika. Mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kwa siku za kushughulika hadi aheme.

Saa tatu zinamtisha mtu mzima kwa sababu anawaza mazoezi ya kwenda mbio za uwanjani. Mtoto hachezi hivyo. Watafiti wa Marekani waliowaangalia watoto wa miaka 6 hadi 10 na kuchapisha matokeo mwaka 1995 waliona kwamba mtoto akijitutumua kwa nguvu, kwa kawaida hudumu sekunde 3 tu. Anapunguza, anasimama, anachomoka tena. Saa zake tatu zinajazwa na vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika siku nzima. Ndiyo maana ratiba yenye "Ijumaa: Michezo" haimtoshi mtoto wa miaka minne. Anachohitaji ni siku iliyojaa nafasi za kuchomoka.

Siku mbili zikiwekwa pamoja

Chukua mtoto wa miaka 4 anayeishi Mbagala na kusoma upande wa pili wa jiji. Nyumba yao ni ya kwanza kwenye mzunguko wa basi, kwa hiyo linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ameamshwa saa kumi na moja, amevalishwa akiwa amefumba macho, amebebwa begani mpaka barabarani na kukabidhiwa kwa matroni. Mpaka saa moja asubuhi yuko kitini. Paredi, kisha darasani. Saa nne ni mapumziko, nusu saa kwenye ratiba. Anasimama foleni ya kunawa mikono, foleni ya uji, kisha foleni ya choo, na uji wenyewe wa moto unataka kupulizwa. Anayebakiwa na dakika kumi za uwanja ana bahati. Wanarudi kuandika, wanakula mchana, wanalazwa vichwa juu ya meza, wanaandika tena, saa tisa wanapanda basi. Asubuhi alipandishwa wa kwanza, jioni anashushwa wa mwisho, saa kumi na moja na zaidi. Anaoga, anafanya kazi ya nyumbani, anakula macho yakiwa kwenye katuni, saa tatu analala.

Tuupime usingizi huo. Kutoka saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa nane. Ili apate zile kumi za chini kabisa inabidi awe amelala saa moja jioni, saa ambayo katika nyumba nyingi za mjini ndiyo kwanza baba anaingia. Na mtoto aliyekosa usingizi hata ukimpa uwanja wa mpira hatautumia. Atakaa kivulini kulialia.

Sasa chukua jirani yake wa umri huohuo. Anaamka saa kumi na mbili na nusu. Anatembea robo saa na dada yake wa darasa la tatu. Njiani wanaruka madimbwi, wanakimbilia kumpita fulani, wanasimama kumwangalia fundi cherehani. Darasa limejaa kuliko kiwango cha taifa cha mwalimu 1 kwa watoto 25 wa awali, na vitabu haviwatoshi. Uwanja ni mchanga mtupu na mwembe mmoja. Saa sita anarudi kwa miguu ileile. Anakula, analala kidogo. Alasiri jua likipoa anatoka uani wanakokutana watoto wa nyumba nne tano, anacheza mpaka adhana ya magharibi. Nusu saa ya njia, dakika za mapumziko shuleni, na zaidi ya saa mbili za jioni: huyu amefikisha dakika 180 bila mtu yeyote kumpangia.

Ukiishia hapo utasema chekechea ya karibu imeshinda. Subiri. Mchukue huyuhuyu wa pili umhamishie nyumba yenye fensi na geti lililofungwa, hana ndugu wa rika lake, na dada wa kazi ana mtoto mchanga wa kulea, chakula cha kupika na nguo za kufua. Anarudi saa sita, anawashiwa televisheni, na mama anafika saa moja jioni. Kuna saa saba hapo katikati. Mtoto wa basi, pamoja na uchovu wake na dakika zake kumi za uwanja, huenda akawa amemzidi. Darasa ni lilelile na mwalimu ni yuleyule. Kilichobadilika ni nyumba.

Nyumba ina uzito gani

Kuna utafiti wa Framingham, Massachusetts, uliochapishwa mwaka 1991, ambao kila mara naurudia ninapozungumza na wazazi. Watoto wapatao 100 wa miaka 4 hadi 7 na wazazi wao walivalishwa vifaa vya kupima mwendo. Ikaonekana kwamba mtoto wa mama mchangamfu, yaani anayeushughulisha mwili wake sana, alikuwa na uwezekano mara 2 wa kuwa mchangamfu kuliko mtoto wa mama asiye hivyo. Baba akiwa mchangamfu, mara 3.5. Wote wawili wakiwa wachangamfu, mara 5.8. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mzazi ndiye sababu, kwani wanaweza kuwa wanashirikiana damu na makazi. Hata hivyo namba ya baba inanigusa. Akina baba wengi wa mjini wanadhani mchezo wa mtoto mdogo ni shughuli ya mama na dada, wao kazi yao ni ada. Jumamosi moja ya kumpeleka mtoto ufukweni kwa miguu, au kumrushia mpira wa chandimu uani, si kitu kidogo kwa mtoto anayemwona baba yake akiwa amekaa siku zote.

Ila mtu ambaye tafiti za Ulaya na Marekani hazimwoni, na ambaye katika nyumba zetu ana nguvu kuliko wote mchana kutwa, ni dada wa kazi. Yeye ndiye anayeamua mlango uwe wazi au ufungwe. Nimeziona nyumba nyingi ambako mtoto anazuiwa kutoka nje, mzazi akilaumu kwamba dada ni mvivu, anapenda tamthilia. Sikiliza upande wake. Mtoto akichafuka, anayefua ni yeye. Akichubuka goti, anayegombezwa ni yeye. Akitoka getini akagongwa na bodaboda, huyo dada anajua kitakachompata. Kumketisha mtoto mbele ya televisheni ndiyo njia pekee inayomwacha salama. Unataka mtoto acheze? Mpe dada ruhusa kwa maneno, mbele ya mtoto. "Kuanzia saa kumi atoke, achafuke, nguo za kuchezea ni hizi hapa, akianguka bahati mbaya sikulaumu." Kisha mpunguzie kazi ya saa hiyo. Usimwombe akamilishe mboga, chapati na pasi, halafu asimamie na mchezo.

Nguo zenyewe zina neno. Mtoto anayebaki na sare mpaka jioni ataambiwa "usichafue" mara hamsini. Avuliwe akifika tu. Na mtoto wa kike apate kaptura chini ya gauni, kwa sababu nimewaona wakisimamishwa kupanda na kubiringika si kwa kuwa hawawezi, bali kwa kuwa gauni linapanda. Hapo ndipo tofauti inapoanza. Kaka yake wa miaka mitano anatumwa dukani na kupotelea njiani kwa dakika ishirini za furaha, yeye anaitwa jikoni kuchambua mchele.

Kwa hiyo kubaki nyumbani, ile njia ya kwanza, ni nzuri au mbaya kutegemea nani yuko nyumbani. Mtoto wa miaka 3 anayeishi nyumba ya kupanga yenye uwanja wa pamoja ana walimu wa mwili wa kutosha, na ni watoto wenzake. Waangalie wakicheza rede. Wawili wanarushiana mpira wa soksi, wa katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa: anainama, anajikunja, anaruka kando, anarudi kwenye chupa. Yule mdogo wa miaka mitatu hajui kanuni. Wanamwacha aingie, akigongwa hahesabiwi kutoka, naye anaruka kila wenzake wanaporuka. Mwaka mmoja baadaye anacheza kweli. Hakuna vifaa vya kununua vinavyomfundisha mtoto kulenga, kukwepa na kugeuka ghafla kama hivyo. Mtoto wa umri huohuo aliye peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, na vikaragosi vyake sebuleni, hana hayo. Huyo namwambia mzazi wake: mpeleke chekechea hata kama hajui kushika penseli, mpeleke akapate wenzake.

Pwani kuna faida nyingine inayosahaulika, nayo ni madrasa. Kundi la watoto wanaokwenda chuoni alasiri na juzuu zao mkononi na kurudi wakikimbizana lina safari mbili za miguu kwa siku. Mzazi anapoamua kumchukulia mtoto ustadhi wa kuja nyumbani, ajue anazifuta safari hizo, na amtafutie nyingine.

Shule ina uzito gani

Hapa kuna tafiti mbili ambazo kwa haraka zinapingana, na kuzipatanisha kunasaidia sana kuchagua.

Mwaka 2003 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi ya watafiti wa Plymouth waliopima watoto wa shule tatu, wenye umri wa miaka 9 hivi. Shule ya kwanza, ya kulipia na yenye viwanja vya kifahari, ilikuwa na saa 9 za michezo kwa wiki kwenye ratiba. Ya pili, ya kijijini, saa 2.2. Ya tatu, ya katikati ya mji, saa 1.8. Walipojumlisha mwendo wa wiki nzima, watoto wa shule zote tatu walikaribiana. Waliokosa shuleni walifidia baada ya shule. Mzazi anaweza kusema basi, shule haina neno.

Lakini mwaka uliofuata, 2004, Russell Pate na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina walipima watoto wa chekechea tisa na kukuta kwamba chekechea anayosoma mtoto inaleta tofauti kubwa katika mwendo wake akiwa hapo. Watoto wa mji mmoja, umri mmoja, lakini wa huku wanakimbia na wa kule wamekaa.

Tofauti iko kwenye saa. Wale wa Plymouth walikuwa wakubwa, na baada ya masomo walikuwa na alasiri yao ya kufidia. Mtoto wa miaka minne anayeshinda shuleni mpaka jua linazama hana alasiri. Kisichofanyika shuleni hakifanyiki popote. Kwa hiyo shule ya nusu siku unaweza kuisamehe uwanja mdogo, mradi nyumbani pako wazi. Shule ya kutwa usiisamehe. Imechukua saa zote za mtoto zenye mwanga wa jua, lazima izitumie vizuri.

Na uwanja mzuri si lazima uwe ule unaong'aa kwenye picha za bango. Kundi lilelile la South Carolina, katika matokeo ya 2009, liliona watoto wakihema zaidi kwenye chekechea zenye uwanja mpana na vifaa vya kubeba na kusogeza, na zisizotumia sana televisheni na kompyuta. Penye mabembea na mitelezo mingi iliyojengewa ardhini watoto hawakuzidi, walipungua. Ukiwaza ni jambo la kueleweka. Bembea moja ina mtoto mmoja juu na kumi na wawili wamesimama wakisubiri zamu. Tairi kuukuu kumi, kamba, mipira ya matambara na chupa za mchanga zinawashughulisha wote kwa mpigo. Chekechea ya mtaani inaweza kuvipata hivyo wiki hii.

Mwalimu naye ana uzito. Darasa la watoto sitini na mwalimu mmoja litakalishwa, kwa sababu mtoto aliyekaa ndiye mtoto anayeonekana. Simlaumu mwalimu wa serikali aliye peke yake na umati huo. Hata hivyo wapo wanaotumia kilichopo: wanahesabu kwa kuruka, wanaimba huku wanachuchumaa na kusimama, wanazipanga kona za kujifunzia mbalimbali ili watoto watembee kutoka moja hadi nyingine. Shule za kulipia zina watoto wachache kwa mwalimu, lakini zina mzigo mwingine. Mzazi aliyelipa ada anataka kuona daftari limejaa, na mwalimu anajua. Hivyo mtoto wa miaka minne anaandika kurasa badala ya kutoka nje. Sisi wazazi tunashiriki katika hilo kila tunapopekua daftari na kuuliza "mbona leo hamkuandika?"

Njia yenyewe: miguu au basi

Kwenda kwa miguu ni mwendo wa bure wa kila siku, na ni mwendo ambao hauongezi mzigo kwa mwalimu wala dada. Basi lina madhara mawili, si moja. Linaondoa hiyo nusu saa ya kutembea, na linamkalisha mtoto kwa muda ambao mwongozo wa 2019 unaukataa. Safari ikizidi saa moja kwenda na saa moja kurudi, uwanja wa shule uwe mzuri kiasi gani, sioni itakavyofidiwa kwa mtoto wa miaka 3 au 4. Afikapo darasa la tatu na la nne mambo hubadilika, mwili na usingizi wake vinahimili.

Sasa barabara. Mzazi anayeogopa kumwachia mtoto atembee ana sababu, na sitamwambia aache kuogopa. Mtoto wa miaka minne hawezi kukadiria kasi ya gari wala ya bodaboda, lazima awe na mkubwa. Hatari hiyo inapunguzika mahali penye nia. Shirika la Amend, linaloshughulikia usalama barabarani, lilianza Dar es Salaam mpango wa SARSAI wa kurekebisha maeneo ya kuzunguka shule kwa njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na nguzo za kutenga watoto na magari, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Ukiwa unachagua kati ya shule mbili za karibu, itembee njia yenyewe asubuhi saa ya shule, kwa mwendo wa mtoto. Ile yenye tuta na kivuko ichague, hata kama iko mbali kidogo. Kama kuna barabara kuu isiyo na kivuko katikati, basi kwangu hiyo si shule ya karibu. Na wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupokezana zamu, mmoja anawasindikiza sita au saba, kesho mwingine. Haina gharama.

Unapokwenda kuiona shule

Usiende siku ya maonyesho wala ya mahafali. Nenda siku ya kawaida saa nne kasorobo, omba kusubiri nje, uangalie mapumziko yanavyokwenda.

Tazama chini kwanza. Mchanga na nyasi vinapokea goti la mtoto. Pevingi za ukuta hadi ukuta zinapendeza, ila zinachoma saa sita na kuchubua kila anayeanguka, na mwalimu atalazimika kukataza mbio. Tafuta kivuli, kwa sababu kwa jua la Dar uwanja usio na mti hautumiki kuanzia saa tano. Angalia mipira iko wapi. Nimeingia ofisi za walimu wakuu nikaikuta kwenye wavu, imefungwa juu ya kabati, mipya kabisa. Angalia viatu vya watoto. Vikiwa vyeusi vinang'aa mpaka saa nne asubuhi, jiulize wamekuwa wapi.

Maswali yangu kwa mwalimu ni mawili tu, na huwa yananitosha. La kwanza: mtoto asiyemaliza kuandika, wakati wa mapumziko anakuwa wapi? Shule inayomwacha ndani amalize inamnyima mwendo yule anayeuhitaji zaidi, kwa sababu asiyetulia kuandika mara nyingi ndiye ambaye mwili wake unadai kutoka. La pili: kipindi cha mvua za masika mnafanya nini? Anayejibu "tunawawekea katuni" amekupa jibu. Anayejibu kwamba wanasogeza madawati pembeni na kucheza ukutiukuti ndani, huyo mwalimu mshike.

Mtoto mwenye pumu, au mwenye ulemavu wa mguu au wa kuona, uulizie habari zake shuleni waziwazi kabla ya kulipa chochote. Wengi wanakalishwa pembeni "wasiumie". Anahitaji kucheza sawa na wenzake, na shule ikuambie itakavyofanya.

Ningechagua hivi

Nyumba ina uani wa pamoja, watoto wengine wapo, mtu mzima yupo alasiri: chekechea ya karibu ya nusu siku, au darasa la awali la serikali akifika miaka 5, bila kusitasita. Hata kama shule ya basi ina uwanja mara kumi. Fedha ya basi inayobaki inatosha chakula kizuri na nguo za kuchezea.

Nyumba ni ya geti au ghorofani, mtoto yuko peke yake, na wazazi wote mnarudi usiku: shule ya kutwa, ila iwe ya jirani, yenye uwanja unaotumika kweli mara mbili kwa siku. Hapa ndipo maswali mawili ya juu yanapaswa kuulizwa bila aibu. Ikikosekana ya namna hiyo, chekechea ya nusu siku na mapatano na jirani mwenye watoto, dada awapeleke wakacheze pamoja alasiri, ni bora kuliko basi la saa moja na nusu.

Ana miaka 3, nyumbani kuna bibi, binamu na mchanga: mwache mwaka mmoja zaidi. Hatachelewa kusoma. Hakikisha tu televisheni haiwi mlezi wa pili.

Na kama umeshalipa ada ya shule ya mbali na mwaka umeanza, bado kuna mengi ya kubadilisha. Ongea na msimamizi wa basi, mtoto akipandishwa wa kwanza asubuhi basi jioni ashushwe wa kwanza, mzunguko ugeuzwe. Omba mtoto wa chini ya miaka mitano aruhusiwe kuchukuliwa saa sita, shule kadhaa hukubali kwa maandishi. Mwambie mwalimu wa darasa kwamba hutaki kazi ya nyumbani ya kuandika katika umri huu, umwandikie kwenye daftari la mawasiliano ili asilaumiwe na mkuu wake. Mshushe kituo kimoja kabla ya nyumbani mtembee pamoja. Zima televisheni mpaka baada ya chakula cha usiku, mfungulie mlango nusu saa hiyo iliyobaki kabla ya giza, na alale saa moja. Jumamosi na Jumapili zisigeuke tuisheni na saluni, ziwe zake za nje. Mwezi wa Novemba, kabla ya kulipia tena, rudi kwenye saa zake za mchana uzihesabu upya, kwa sababu huenda mtaani kumepata watoto, dada amebadilika, au shule ya karibu imepata mwalimu wa pili.